Mrejesho: Gari linaloguna kwenye kona za taratibu
Niliuliza kuhusu gari langu linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo lilikuwa likiguna na kutetemeka ninapokata kona kali taratibu, hasa likiwa limekwisha kupata moto baada ya kupanda kutoka Tukuyu kuja Mbeya mjini. Wengi wenu mlishuku viungo vya ekseli za mbele. Fundi wa hapa Mwanjelwa alivikagua, akakuta mipira inayovifunika haijapasuka na grisi imo. Isitoshe, kiungo kilichokwisha kwa kawaida hugongagonga, hakiguni.

Aliyeshauri nipime tairi ndiye aliyelenga. Za mbele zilikuwa mpya na za nyuma zimelika, hivyo mizingo yake haikulingana, na kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kikawa kinafidia tofauti hiyo muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, kikapata joto na kukaza kwenye kona, mahali ambapo ekseli ya mbele na ya nyuma huhitaji kuzunguka kwa kasi tofauti.

Nimeweka tairi nne zinazolingana na kubadilisha oili ya difu na ya giaboksi. Kuguna kumekwisha. Mtetemo kidogo umebaki usukani ukizungushwa hadi mwisho, na fundi anahofia kwamba kifaa hicho kimekwisha kuathirika, kwa hiyo ninatafuta kilichotumika, maana bei ya kipya haishikiki.