Vertigo imekufa au imefufuka?

Kibonzo_Mzee: Wakuu, nimeokota kibonzo cha The Sandman kwa muuza vitabu vya mtumba Posta. Jalada limechanika, ila nembo ya Vertigo bado inasomeka. Jamaa yangu kanicheka eti kampuni hiyo ilishazikwa. Mbona jina naliona tena?

Nyundo77: Mkuu, nyote mko sahihi. Kwanza si kampuni, ni tawi la DC, wachapishaji wa vibonzo vya Batman, kwa ajili ya wasomaji wakubwa, lilianza 1993 chini ya mhariri Karen Berger. Hiyo Sandman yako ilishaanza 1989, ikahamishiwa humo baadaye. Enzi za vibonzo vyao kama Preacher na Fables palikuwa moto kwelikweli!

MamaWino: Kilichowamaliza, kwa maoni yangu, ni haki ya kumiliki kazi. Image, wachapishaji wengine wa vibonzo, wanamwachia mtunzi mali yake yote, wewe ungebaki wapi? Brian K. Vaughan aliyewaandikia Y: The Last Man alipotoa kibonzo cha Saga 2012, aliipeleka Image. Mwaka uliofuata Berger naye akaondoka. Juni 2019 DC wakatangaza kulifunga tawi, vibonzo vya watu wazima vikabaki chini ya Black Label, nembo yao nyingine. Oktoba 2024 wakasimama New York kutangaza kwamba Vertigo inarudi.

Nyundo77: Inarudi nembo. Berger hayupo, mimi sina haraka.

Kibonzo_Mzee: Asanteni. Sasa nimefika mwisho nakuta kurasa mbili zimekatwa kwa wembe. Mwenye nakala ya Sandman namba 50 anipigie picha, tafadhali.