Mrejesho: ukuta wa sebule uliokuwa unabanduka rangi

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kuhusu ukuta wa sebule unaobanduka rangi karibu na sakafu na kutoa unga mweupe. Wengi mlisema nikwangue nipake upya. Mmoja akasisitiza nipime kwanza kwa mita kama kuna bomba linalovuja. Huyo namshukuru sana.

Nilifunga koki zote za ndani, hata ya tangi la choo, nikaandika namba za mita kabla ya kulala. Asubuhi mita ilikuwa imesogea. Bomba la bafuni linapita ndani ya ukuta huohuo, kwa hiyo nikabomoa lipu palipokuwa pabichi zaidi na kukuta elbo (kiungo cha kona ya bomba) imepata ufa. Nikafunga maji kwenye mita, nikakata kipande, nikaweka elbo mpya kwa gundi. Hilo ni bomba la PVC. Kama lako ni PPR, lile linaloungwa kwa moto, mwite fundi mwenye mashine. Kabla ya kuziba ukuta nilifungulia maji na kuangalia mita tena: imetulia!

Lipu nimepiga kwa ndoo moja ya saruji na nne za mchanga, nikaimwagilia wiki nzima. Rangi bado. Naiacha lipu ikauke walau siku 28, maana ukipaka juu ya ubichi itabanduka tena. Ule unga mweupe ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Usugue kwa brashi kavu, usiuoshe, utarudi ndani ya ukuta.

Nikishapaka nitaweka picha.