Naomba ushauri: dereva wangu anaangalia video huku anaendesha

Wakuu habari za usiku, niko Kigoma hapa Mwanga, nina Noah inapiga Kasulu, dereva hesabu analeta vizuri tu upande huo sina ugomvi nae. Shida ni ile skrini ya kwenye dashibodi. Mwanzo ilikuwa inagoma kuonyesha video mpaka uvute hendibreki, sasa yeye kampelekea fundi kaunga ule waya wa hendibreki kwenye bodi, video inacheza gari ikitembea.

Juzi nikapanda mwenyewe, siti ya mbele. Jamaa kaweka komedi, anacheka, mkono mmoja kwenye usukani, mbele kuna mama anavuka na ndoo ya mawese kichwani, kamuona mimi nilipopiga kelele. Mama mzima, Mungu mkubwa, ila mawese yalimwagika barabara nzima na ndoo nikalipa mimi. Nikaja kupiga hesabu, spidi 80 ni kama mita 22 kwa sekunde, yani ukichungulia sekunde 2 tu ushapita mita 40 na ushee hujaona kitu!

Nikimwambia anajibu "bosi hiyo ya abiria, bila video wanapanda gari la mwenzangu", na hapo ananiweza kidogo maana ushindani upo.

Sasa nirudishe waya kama ulivyokuwa (si ataufungua tena?), niwafungie abiria skrini ya nyuma, ya mbele nizime, au nimbadilishe dereva tu? Na nikiing'oa kabisa hiyo skrini, kamera ya rivasi nitaionea wapi? Mliopitia hii nisaidieni.