Kenge mdogo kagoma kula, leo siku ya tisa. Nimpe nini?

MamaSuu_Dunga, Jumapili usiku

Assalaam alaykum wenyeji. Naomba msinicheke, nna shida ya kenge.

Mwanangu wa darasa la sita alikwenda na wenzake bonde la Cheju, hapa Unguja, Ijumaa ya wiki ile, wakamkuta mtoto wa kenge kanasa kwenye kipande cha wavu kando ya mfereji wa mpunga. Wakamfunga kamba kiunoni, wakamleta mpaka Dunga kwa baskeli. Mie narudi kazini nakuta limo ndani ya ndoo yangu ya kufulia. Urefu wake kama kutoka kiwiko changu mpaka ncha ya kidole, na zaidi ya nusu ni mkia. Mweusi, ana madoa ya njano yaliyojipanga mistari mistari. Mzuri, sisemi uongo.

Nikasema atoke usiku ule ule. Mtoto akalia mpaka kwikwi, na babaake akamuunga mkono (yuko Dar es Salaam, kwake rahisi, anaunga mkono kwa simu). Nikashindwa.

Nimemtia kwenye kabati la vioo la chipsi, lile la zamani lililopasuka kioo cha nyuma, hapo nimeziba kwa ubao. Ndani mna gazeti, bakuli la maji na globu inayowaka usiku na mchana apate joto, maana kipupwe hiki hata sisi tunajifunika. Tokea aje hajatia kitu mdomoni. Nimempa nyama ya kusaga, yai la kuchemsha, dagaa wa kuanika, na ugali pia, kwa ushauri wa yule yule wa Dar. Kila jioni mwanangu humtoa akawaonesha wenzake barazani, tukidhani akichangamka atakula. Akirudishwa anajibanza kona, anafumba macho. Jana nilimpanua mdomo kwa kijiko nikamtia nyama. Kaitema, kisha kaniuma kidole gumba.

Nimpe nini? Au ndo anakufa?


Kipanga77

Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, leo nimeamini. Lakini dada, hilo kabati! Mie nimekula chipsi hapo kwako Jumatano!


MamaSuu_Dunga

Kabati jingine hilo, nimesema la zamani. Tulia.


Mtunza_Maabara

Mama Suu, pole na kidole. Kioshe kwa sabuni na maji mengi, kikivimba usingoje, nenda kituo cha afya.

Kenge wako usimnunulie kitu chochote kwanza. Nenda kaiguse hiyo globu. Kama ni hizi nyeupe za kubana umeme, utaikuta vuguvugu tu, na kilichokuwa chini yake hakipati joto la maana. Zile globu za zamani za waya ndizo zilizokuwa zikiunguza mkono.

Nakwambia hivi kwa sababu mie nilimuua mmoja. Nilikuwa mtunza maabara wa skuli, mwanafunzi akaniletea mtoto wa kenge mwezi wa saba kama huu. Nikamuweka chumba cha uwani, pazuri, kivuli, hakuna paka. Akakataa kula, nami nikawa namshindilia nyama ya kusaga kwa kibano, najiona daktari. Siku ya kumi na mbili nikamkuta kakakamaa. Nikampasua kwa wembe juu ya meza ile ile ya wanafunzi. Nyama yote niliyomlisha imo tumboni, ya kijivu, inanuka, haijasagika hata kidogo. Kenge hana moto wake mwenyewe, anauazima juani. Asipoupata, chakula kinamuozea ndani. Yule wangu alikuwa akikataa kwa sababu alikuwa na akili kunishinda mie.

Kwa hivyo mtoe kwenye kabati. Usije ukalitoa kabati lenyewe juani, vioo vikipigwa na jua ni tanuri, hamalizi saa moja. Tafuta tundu la kuku, lizungushie waya wenye macho madogo, maana anapita penye tundu usilolidhania. Upande mmoja weka jiwe bapa la tumbawe, lipigwe na jua la asubuhi. Upande wa pili ezeka makuti, na chini yake kipande cha paipu au gogo lenye uwazi ajifiche. Jiwe liwe na moto ambao kiganja chako hakistahamili kukaa hapo. Ukipata kipimajoto, nyuzi 45 mpaka 50 juu ya jiwe, na kivulini 27 hivi. Mwenyewe atakwenda na kurudi. Jua lenyewe lina faida nyingine ya kumjenga mifupa, na faida hiyo haipiti kwenye kioo. Usiku mwingize ndani, umfunike gunia.

Bakuli la maji haliwatoshi watu hawa. Mpe beseni aingie mwili mzima, ni mnyama wa mtoni. Atakunywa humo na atakunya humo, kwa hivyo maji ubadilishe kila siku.

Na hizi ziara za barazani zikome. Funika kanga pande tatu za tundu, asiguswe na mtu wiki mbili. Kwa mtoto wa kenge, kila mkono unaomjia kutoka juu ni kipanga (sikusudii wewe, bwana). Kamba kama bado anayo kiunoni, ikateni leo.

Chakula ndo cha mwisho. Mpe alichokuwa akikila Cheju: panzi walio hai, konokono wadogo, kaa wadogo wa mikokoni. Mende ni wazuri ikiwa nyumba haijapigwa dawa. Jongoo hapana. Dagaa wabichi sawa, wa chumvi wape paka wa jirani. Nyama tupu haina chokaa, akiizoea mifupa inalainika mpaka anatembea kwa tumbo. Mwambie mwanao akienda pwani aokote ule mfupa mweupe wa dome (yule wa baharini wa jamii ya ngisi), akwangue unga wake, awapakaze panzi. Na msisimame mkimtazama. Mtieni panzi mmoja, muondoke.

Kuhusu kufa: mtazame shina la mkia, pale unapoungana na mwili. Kama limejaa, limeviringana, bado ana akiba na siku tisa si kitu. Kama mifupa ya nyonga imechomoza na macho yameingia ndani, ana kiu kuliko njaa. Hapo mlaze kwenye maji ya vuguvugu yanayomfika kifuani, kama nusu saa, mtu akiwepo. Mtazame na makwapani kama ana kupe.


BintMuyuni

Mie sina huruma na kenge. Kamaliza vifaranga kumi na mmoja vya bibi yangu kwa siku mbili, na mayai ya bata juu. Akikua huyo atakula kuku wako wote, kisha atataka na chipsi.


MtiMkavu

Sijaona mtu aliyesema hili. Wanyamapori wa Zanzibar wako chini ya Sheria ya Misitu namba 10 ya 1996, na mwenye kutaka kufuga aanze Idara ya Misitu. Kenge huyu yumo hata kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, Kiambatisho cha Pili, kwa sababu ngozi yake inauzwa duniani. Sikutishi, mama, mtoto ni mtoto, lakini jirani akigombana nawe kesho, hilo litakuwa la kwanza kulitaja.

Jambo jengine ni mikono. Wanyama hawa hubeba vijidudu vya salmonela bila ya kuumwa wenyewe. Kila aliyemshika au aliyemwaga maji yake aoshe mikono kwa sabuni, na beseni lisioshwe jikoni. Kwa mpika chipsi nalisema mara mbili.


MamaSuu_Dunga, Alkhamis

Nimerudi. Baba wa Maabara, Mungu akuweke. Globu niliigusa usiku ule ule: baridi kama sahani. Siku tisa nimemulikia mnyama taa ya kusomea.

Jumatatu jirani yangu fundi katutengenezea tundu, kanitoza soda mbili. Shina la mkia limejaa, alhamdulillahi. Kupe tumemtoa mmoja kwapani. Siku ya kwanza alikaa ndani ya paipu mpaka mchana, kisha akatoka akajibandika juu ya jiwe. Nasema kajibandika: mbavu kazitanua mpaka kawa bapa kama chapati, na yale madoa ya njano yakawaka. Jumanne vile vile. Panzi tuliyemtia akamkanyaga, akapita.

Jana saa 4 asubuhi nipo dirishani nakatakata viazi. Mwanangu kamtia panzi mkubwa wa kijani, kamvunja miguu ya nyuma, kaondoka kama mlivyosema (kajificha nyuma ya pipa, lakini sikumwambia kitu). Kenge kainua kichwa. Ulimi ukatoka, ukatoka tena, shingo ikarefuka, kisha sikuona kitu, nilimuona panzi tu yumo mdomoni. Kampiga juu ya jiwe mara mbili, kainua kichwa juu, kameza. Kisha akalamba midomo kama mzee aliyemaliza pilau. Mwanangu kapiga ukelele, na yule mwingine kaingia paipuni haraka. Nusu saa baadae kala wawili wengine, na leo konokono. Ule mlio wa gamba linavyovunjika nimeusikia jikoni.

Wallahi nilitokwa na machozi. Kwa kenge!


Mtunza_Maabara

Umenifurahisha roho. Mpe kila siku kiasi tumbo linyanyuke kidogo, mabaki uyatoe kabla sisimizi hawajafika.

Lakini mwanangu, na hili niliseme. Huyo akikua ni mita moja na nusu, wengine wanafika mbili, na mkia wake ukikupiga utadhani bakora. Cape Coral, huko Florida, Marekani, watu walinunua watoto kama huyo, wakazidiwa, na kenge leo wamejaa kwenye mifereji ya mji ambao si kwao. Wako ana bahati, kwao ni mwendo wa baskeli. Akinenepa mrudisheni pale pale walipomtoa, asubuhi, jua likiwa limeshapanda.


MamaSuu_Dunga

Nimemsomea mwanangu. Kanyamaza, kisha kauliza kama panzi wa Cheju wanatosha.


MamaSuu_Dunga, Jumamosi, wiki tatu baadae

Kwa waliouliza: tumemrudisha leo, saa 4 na nusu, kwenye mfereji ule ule. Mwanangu alilifungua tundu mwenyewe. Kenge alitoka taratibu, akasimama juu ya tope, akatoa ulimi huku na huku, tukadhani atarudi. Kisha akaingia majini bila hata kishindo, mkia ukamalizikia nyuma kama kamba inayovutwa.

Wavu ule ulionasa tumeutoa, tumekuja nao. Mtoto hakunena neno mpaka tulipofika Dunga. Kashuka kwenye baskeli, kachukua unga wa dome uliobakia, kauweka kabatini mwake.

Kipanga77, kabati la chipsi la zamani nimelivunja, mbao zimekuwa kuni. Njoo ule.