Naomba ushauri: Je, kamusi elezo inaweza kumwita Idi Amin "nduli"?

Mwana wa Missenyi (mleta mada)

Habari za jioni wanajamvi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijitolea kuandika wasifu wa viongozi wa Afrika Mashariki katika kamusi elezo ya Kiswahili ya mtandaoni, na sasa nimekwama kwenye makala ya Idi Amin Dada. Sentensi yangu ya kwanza ilisomeka hivi: "Nduli Idi Amin alikuwa dikteta katili wa Uganda aliyeua watu 500,000." Mwenzangu mmoja akaifuta yote na kuandika: "Idi Amin alikuwa kiongozi wa Uganda ambaye utawala wake una mitazamo tofauti." Nikairudisha yangu, naye akaifuta tena, na hadi jana tulikuwa tumefanya hivyo mara nne.

Niseme wazi nilikotoka. Familia yetu ni ya kaskazini ya mto Kagera, upande wa Tanzania. Majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, bibi yangu aliwaacha ng'ombe zizini na chungu cha ndizi kikiwa jikoni, akavuka mto kwa mtumbwi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine amemshika mkono. Mjomba aliyebaki kuangalia mifugo hakuonekana tena. Mimi nilikua nikilisikia neno "nduli" kabla sijajua kwamba mtu huyo ana jina lake. Ninapoambiwa niandike "mitazamo tofauti", nasikia kama ninaambiwa nimfute mjomba. Hata hivyo ninafahamu kwamba kamusi elezo si hotuba wala si kaburi la familia yetu. Naomba mnisaidie: nitaandikaje kwa namna isiyoegemea upande bila kuuficha ukweli?

Mhariri Mstaafu

Ndugu mleta mada, pole kwa msiba huo, ambao najua haujaisha.

Kwa maoni yangu sentensi zote mbili zina kasoro, ila ya mwenzako ndiyo mbaya zaidi. Yako inahukumu kabla ya kueleza, lakini yake haielezi chochote. Kila kiongozi duniani ana mitazamo tofauti juu yake. Kutoegemea upande hakumaanishi kupunguza makali ya jambo mpaka lisiume. Maana yake ni kwamba mwandishi anajitoa katikati, anataja tendo, tarehe na mtendaji, na pale penye ubishi anataja nani amesema nini.

Chukua kifo cha Askofu Mkuu Janani Luwum, Februari 1977. Mtu anaweza kuandika "alifariki katika ajali ya gari", kwa kuwa ndivyo serikali ya Amin ilivyotangaza. Mwingine ataandika "Amin alimchinja askofu". Mimi ningeandika hivi: "Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba watatu hao walikufa katika ajali ya gari, lakini mwili wa askofu uliporudishwa kwa familia yake ulikutwa na majeraha ya risasi." Hapo hakuna hata neno moja la kulaani, na bado msomaji ameona kila kitu.

Jihadhari pia na vitenzi. Katika lugha yetu "alifariki", "alikufa" na "aliuawa" si kitu kimoja, na wengi hukimbilia "alifariki" kwa adabu. Adabu hiyo, ikitumiwa kwa mtu aliyepigwa risasi, inageuka kuwa upande. Vilevile kuna kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji: "watu walipotea", "mali zilichukuliwa". Zilichukuliwa na nani? Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka hakupotea tu. Alikamatwa na askari katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, Septemba 1972, na hakuonekana tena. Liandike hivyo.

Kagera Daima

Mkuu, nakubaliana nawe kwa mengi, ila kwenye neno "nduli" naomba nipinge. Neno hilo liko kwenye kamusi zetu, maana yake ni mtu mkatili, muuaji. Kama matendo yamethibitika, kwa nini neno la Kiswahili linalolingana nayo liitwe matusi? Taifa zima lilimwita hivyo, redioni, kwenye nyimbo, na shuleni. Kuliondoa ni kuwanyang'anya Watanzania kumbukumbu yao.

Mhariri Mstaafu

Sisemi liondolewe, ndugu yangu. Nasema lihamishwe. Katika sentensi ya kwanza "nduli" ni sauti ya kamusi elezo, katika sehemu ya vita linakuwa habari: "Nchini Tanzania, tangu vita vya 1978 na 1979, Amin alijulikana sana kwa jina la Nduli." Hilo ni kweli, lina uzito, na msomaji wa Lubumbashi au Muscat ambaye hajawahi kulisikia atajifunza kitu. Likibaki mwanzoni bila maelezo, atadhani ni cheo.

"Dikteta" nalo ningelipitisha katika mizani hiyohiyo. Badala ya kulitanguliza, eleza kwamba mwanzoni mwa 1971 alilivunja Bunge na kutawala kwa amri, na kwamba mwaka 1976 alitangazwa kuwa rais wa maisha. Ukishaeleza hayo, kuandika kwamba wanahistoria humwita dikteta hakutamshangaza mtu.

Kuhusu idadi ya waliouawa, 500,000 ni kiwango cha juu kabisa cha makadirio, kilichokusanywa na vyama vya Waganda waliokuwa uhamishoni kwa msaada wa Amnesty International. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria kwamba hawakupungua 80,000. Weka namba zote mbili pamoja na waliozitoa. Ukichagua moja na kuitangaza kama hesabu kamili, atakayekuja kuipinga atapata nafasi ya kupinga na mauaji yenyewe.

Mama Arua

Nawasalimu kutoka Uganda. Kwetu West Nile Kiswahili tunakitumia, na ninaomba mleta mada asikilize upande ambao husahaulika.

Amin aliondoka Kampala, lakini sisi tulibaki na jina lake. Baada ya 1979 maelfu ya watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire, kwa sababu kila Mkakwa au Mnubi, watu wa jamii zilizohusishwa na Amin, alihesabiwa kuwa askari wake. Mimi nilivuka mpaka nikiwa binti mdogo, na baba yangu alikuwa mshona nguo, hakuwahi kushika bunduki. Kwa hiyo mwanangu, unapoandika "Wanubi wa Amin waliua", fahamu unamwandika na baba yangu. Andika kikosi, andika idara, kama State Research Bureau, idara ya ujasusi ya Amin, usiandike kabila.

Tena angalieni namna mnavyoandika juu ya Aprili 11, 1979. Watanzania husema Kampala "ilikombolewa", na Waganda wengi walishangilia kweli siku ile. Mtu wa kwetu atasema "ilitekwa". Tafuteni neno ambalo wote tunaweza kulisoma.

Mwana wa Missenyi (mleta mada)

Shikamoo mama. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na nimeondoa kabila katika sehemu mbili za makala ambazo sikuwa nimeziona kuwa na tatizo.

Baada ya ushauri wenu, mwanzo sasa unasomeka hivi: "Idi Amin Dada (alifariki Jeddah, Saudia, Agosti 16, 2003) alikuwa afisa wa jeshi aliyetwaa madaraka nchini Uganda kwa mapinduzi ya Januari 25, 1971, akatawala hadi alipoondolewa Aprili 1979. Katika utawala wake watu wengi waliuawa na vyombo vya dola. Makadirio ya idadi yao yanaanzia 80,000 hadi 500,000." Kuhusu Kampala nimeandika kwamba "iliingia mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa wakimpinga Amin". "Nduli" limehamia kwenye sehemu ya vita, likiwa na maelezo yake.

Mwenzangu ameusoma mwanzo huo asubuhi ya leo na hakuufuta. Ameniomba tu nitumie "Julius Nyerere" badala ya "Mwalimu" peke yake, na nimekubali, ingawa mkono ulisita. Iliyobaki ni aya ya watu wa upande wetu wa mto, ambayo kwanza nataka kumsomea bibi.