Pelleti za bastola ya upepo, mita 10: niangalie uzito au kipenyo?

Mlengaji_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, bastola ni Steyr LP10 iliyotumika. Kuna makopo matatu ya pelleti (virisasi vidogo vya bastola hizi) ya kuchagua: RWS R10 ya gramu 0.45, H&N Finale Match ya kipenyo cha milimita 4.49, na nyingine nzito ya gramu 0.53. Ipi inafaa mashindano ya risasi 60? Kwa sasa, hata nikiegemeza mkono mezani, matundu yanatawanyika hadi milimita 14. Au ni huu mwinuko wetu wa mita 1,700?

FundiMtutu
Mkuu, lebo haitakuambia kitu, mtutu wako ndio unaochagua. Zote zinaitwa za milimita 4.5, ila vichwa vya pelleti vinatengenezwa kuanzia 4.48 mpaka 4.52. Kichwa kikipwaya, upepo unapenya pembeni na risasi inayumba. Kikibana sana, kasi inapanda na kushuka.

Pima hivi: ifunge bastola kwenye vaisi (jiliwa la fundi) uliyoivika mpira, ukabane fremu tu. Ukibana mtutu au silinda (chupa ya upepo) umeharibu kipimo chote. Kila unapobadilisha kopo, piga kwanza 20 za kuuzoesha mtutu, usizihesabu. Halafu makundi matano ya risasi 10 kwa mita 10 kamili. Kundi moja zuri linadanganya, kwa hiyo chukua wastani wa yote matano. Pima ukingo wa nje kwa ukingo wa nje. Duara la 10 lina milimita 11.5, na risasi ikiugusa mstari wake tu unapewa 10, kwa hiyo kopo linalokupa milimita 8 au pungufu linatosha kabisa.

Ukilipata, soma namba ya bechi (mkupuo wa utengenezaji) kwenye kopo na ununue makopo ya bechi hiyohiyo kadiri mfuko unavyoruhusu. Jina lilelile na kipenyo kilekile, bechi ikibadilika, unaanza kupima upya. Na kibali kiulizie polisi kabla hujaagiza.

Nyanda_za_Juu
Naongezea kwenye uzito. Ya 0.53 ni ya bunduki. Kwenye bastola inatoka polepole na kukaa zaidi ndani ya mtutu, na mkono ukitikisika kidogo, shabaha inaonyesha. Anza na ya 0.45.

Mwinuko usikusumbue. Risasi ikitoka kwa mita 150 kwa sekunde inadondoka kama milimita 22 hadi kufika kwenye karatasi. Hewa yetu nyepesi inabadilisha hapo chini ya nusu milimita. Kinachouma ni kasi isiyotulia: tofauti ya mita 3 kwa sekunde kati ya risasi na risasi inakuhamisha karibu milimita moja juu au chini.

Milimita 14 ni nyingi mno, angalia sketi za pelleti, yaani ile sehemu ya nyuma iliyo wazi na kutanuka. Kopo likisafiri kwenye bodaboda, risasi zinagongana na sketi zinapinda, na sketi iliyopinda haizibi upepo sawasawa. Kata sponji, ijaze nafasi iliyobaki chini ya kifuniko. Ukitaka kuzipima uzito, mizani ya wanunuzi wa dhahabu kule Chunya inasoma gramu 0.01, lakini kuondoa zilizopinda kwa macho kunasaidia zaidi. Usizipulizie wala kuzitia mdomoni, ni madini ya risasi hayo, sumu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Mlengaji_Uyole
Asanteni sana wakuu. Nimekagua: karibu theluthi ya kopo sketi zimepinda. Silinda nayo imeandikwa 2011.

FundiMtutu
Hapo simama kwanza. Silinda iliyopita miaka 10 tangu kutengenezwa haikubaliki kwenye mashindano ya ISSF (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha), na upepo wenye shinikizo la bar 200 kwenye silinda iliyochoka ni hatari. Usiijaze tena. Tafuta silinda mpya, ndipo ufunge vaisi na kuanza na R10.