MJADALA: Modeli ya kompyuta pekee itoshe kuidhinisha umeme wa ndege?

Wadau, kuna hoja naiona inarudi kila mara, eti kompyuta za sasa zina uwezo mkubwa, kwa hiyo konvata za ndege (vifaa vinavyogeuza umeme kutoka hali moja kwenda nyingine) na rektifaya (zinazogeuza AC, umeme unaobadili mwelekeo, kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja) zipimwe kwenye modeli tu, mamlaka ziidhinishe, tuachane na gharama za mtambo wa majaribio ardhini. Mimi nakataa, na modeli nazipenda kwelikweli, maana ndiko unakojaribu shoti mbaya ambayo hakuna anayethubutu kuipiga kwenye kifaa halisi.

Ila jamani tuangalie mzigo wenyewe. Ndege kubwa za zamani zilizoea volti 115 za AC kwa herizi 400, basi. Boeing 787 iliyoanza kubeba abiria 2011 ina jenereta 4 za kVA 250 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) kwenye injini, na 2 za kVA 225 kwenye injini ndogo ya mkiani, volti 230, na herizi zinapanda na kushuka kufuata mzunguko wa injini, halafu sehemu inageuzwa kuwa DC ya volti 270 chanya na 270 hasi. Konvata zimejaa humo.

Sasa chukua konvata moja inayoendesha mota, inakula kW 27 kutoka laini ya volti 270, yaani ampea 100. Volti zikishuka hadi 240, hita ya kawaida ingevuta ampea 89 hivi, inampumzisha jenereta. Konvata haijui kupumzika, mota lazima ipate nguvu yake ileile, kwa hiyo inavuta 112.5, volti zinazidi kushuka na yenyewe inazidi kuvuta, na filta ya mbele yake ikiwa haitulizi mawimbi vizuri laini nzima inaanza kuyumba. Middlebrook, mtaalamu wa elektroniki za nguvu, alishalieleza hili tangu 1976! Lakini aliyeweka rezista (mzigo wa kawaida kama ile hita) kwenye modeli mahali pa konvata hataliona kamwe, atachorewa mstari umetulia akasaini.

Mtasema tuweke kwenye modeli kila swichi iliyo ndani ya konvata. Haya, swichi inawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, unahesabu kwa hatua za maikrosekunde, safari ya saa 10 utaimaliza lini? Ndiyo maana watu wanatumia modeli ya wastani, yaani inayochukua wastani wa kuwaka na kuzima kwa swichi, inaenda haraka na kuyumba inakuonyesha, ila kelele za swichi imeshazifuta. Kila modeli kuna kitu mtu ameamua kukiacha.

Mnakumbuka agizo la FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, mwaka 2015? Vidhibiti vya jenereta za 787 vikikaa na umeme siku 248 mfululizo, kaunta ya softwea inafurika (namba inazidi nafasi iliyotengewa), vyote vinajizima kwa pamoja na ndege inaweza kupoteza AC yote. Tatizo hilo liligundulika maabara. Nani angeacha simulesheni iende siku 248?

Na kinachoniuma zaidi, mtengenezaji wa konvata anakupa modeli iliyofungwa, ndani huoni kitu, siri ya biashara. Kwangu sharti liwe moja, asiye na vipimo vya kifaa chenyewe vilivyowekwa sambamba na modeli yake, asiidhinishwe.

Mnaotaka mtambo uondolewe, nielezeni: kile mlichokiacha nje ya modeli mtakijulia wapi, angani?